Juba Baada ya Machweo: Mji na Anga Lake

Mgeni afikaye Juba kwa njia ya Nimule, kilomita 192 kutoka mpaka wa Uganda, huingia mjini kwa kuvuka daraja la Mto Naili. Nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, umekaa mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur. Sokoni Konyo Konyo atasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, na Kiswahili cha wafanyabiashara. Lakini liko jambo moja la mji huu lisiloonekana kwa macho, nalo huanza jua linapozama, yapata saa kumi na mbili jioni.

Wakati huo redio za masafa mafupi hubadilika tabia. Stesheni za mbali zilizokuwa kimya mchana kutwa huibuka, zikapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeitwa ng'ambo ya mto wakati wa upepo. Sababu iko juu sana, kati ya kilomita 60 hivi na 1,000, ambako mwanga wa jua huvunjavunja hewa ikawa chembe zenye umeme. Tabaka hilo huitwa ionosfia. Usiku sehemu yake ya chini, ambayo mchana humeza mawimbi, hutoweka. Ile ya juu hubaki ikiyarudisha ardhini.

Watu wa Juba wana deni kwa tabaka hilo. Kuanzia 1984 hadi 1991, mji ukiwa mikononi mwa serikali ya Khartoum, Redio SPLA ilitangaza kutoka Ethiopia kwa masafa mafupi. Mzazi aliyekuwa na mwana msituni aliisikiliza kwa siri, redio ikiwa imepunguzwa sauti.

Hata hivyo, kinachomsaidia msikilizaji humsumbua mtaalamu wa nyota. Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, Jocelyn Bell aligundua kwa masafa ya megahezi 81.5 nyota iliyotoa mpigo kila baada ya sekunde 1.337. Nyota za namna hiyo huitwa pulsa. Mawimbi yake, baada ya safari ya mamia ya miaka, hulazimika kupenya ionosfia katika sehemu ndogo ya mwisho ya sekunde. Hapo hupindishwa, huzungushwa na kucheleweshwa. Ukipunguza masafa kwa nusu, ucheleweshaji huwa mara nne. Kwa megahezi 100 ni sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Ni kidogo, lakini pulsa zilizo bora hupimwa kwa usahihi kuliko hapo.

Juba haina darubini ya kazi hiyo, na kama ingekuwa nayo, ingepata taabu kubwa. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita kaskazini ya mji, juu ya ardhi ya Sudan Kusini yenyewe. Katika ukanda huo, baada ya machweo, mapovu ya hewa yenye chembe chache za umeme hupanda juu kama mapovu ya uji jikoni, hasa karibu na Machi na Septemba. Wimbi likipita humo humetameta. Simu ya setilaiti ya askari wa doria yaweza kukatika, na kifaa cha kuonyesha mahali kikapotea kidogo, ilhali betri ni nzima.

Wataalamu wa darubini ya LOFAR, Uholanzi, hupima ionosfia kwa ishara za setilaiti hizo hizo, kisha wakaondoa kosa. Wengine walikwenda juu kabisa: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Mwaka 1971 ilinasa mapigo ya eksirei ya nyota Cen X-3, eksirei ambazo hewa haizipitishi kamwe.

Juba hubaki chini ya mapovu yake. Kwa kawaida hupungua baada ya usiku wa manane, wakati mji umelala na redio nyingi zimezimwa.