Matawi ya Kitonga

Lori likiharibika katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, utingo huruka chini na panga, akakata matawi na kuyapanga lamini, nyuma na mbele ya gari. Pembetatu za tahadhari zinajulikana na trafiki huziulizia, lakini tawi halinunuliwi wala haliibwi. Mawe nayo huwekwa nyuma ya matairi. Kisha gari linapona, watu wanapanda, wanaondoka, na vyote vile vinabaki pale pale barabarani.

Rafiki yangu mmoja hawezi kuyapita. Ni mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa suti ya kaunda na kandambili, na nyuma ya pikapu yake hakukosi fagio la chelewa. Akiona matawi yasiyo na gari husimama, hushuka, huyatupa porini, husukuma mawe pembeni, hufagia majani, hurudi akijifuta mikono na kuendelea na mazungumzo pale yalipokatikia.

Niliyajua haya nilipomwomba awe mshenga wetu. Tulikuwa tunapeleka posa ya mpwa wangu Iringa, na wazee wa kule walikuwa wametuagiza tufike saa nane mchana. Nilimtaka kwa sababu ya ulimi wake. Sikufikiria kwamba ulimi ungekuja pamoja na fagio.

Tuliondoka usiku, na kabla ya Chalinze alikuwa ameshasimama. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inakatiza katikati ya wanyama na kushuka garini si ruhusa, aliyapita matawi huku akiyatazama kwenye kioo kama mtu aliyemwacha mtoto kituoni. Nilishukuru tembo kimoyomoyo. Baada ya hapo akanieleza, kama anavyopenda, jinsi walowezi wa Rhodesia walivyojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ikapungukiwa na njia ya kupitishia mafuta, malori yakaanza kumiminika huku wakati barabara ni vumbi kiangazi na tope masika. Reli ya TAZARA ilikuwa bado haijajengwa. Wale madereva, alisema, walilala na malori yao porini wakisubiri mwenzao yeyote atokee. Nikamwambia hao walikuwa hawana mtu wa kuwasubiri na mahari. Akacheka, akasimama tena.

Kitonga ndiko nilikokaribia kupandisha sauti. Kule mlima umeegemea barabara upande mmoja, upande mwingine ni bonde, na malori yenye shehena hupanda kwa mwendo ambao mtoto angeweza kuufuata. Matawi yalikuwa kabla ya kona. Mwalimu akaegesha, akaanza kuyaokota, na alipofika la tatu utingo akatokea mbio kwenye kona, mikono imejaa grisi, akipiga kelele: "Mzee, rudisha! Rudisha, mzee, tutakufa hapa!" Lori lao lilikuwa limelala nyuma ya kona ile, limeziba nusu ya barabara.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichohisi wakati ule, na kila mara nafika pale pale: nilifurahi. Semitrela lingeweza kushuka wakati wowote, watu wangeweza kufa, na mimi nilifurahi kwamba wema wake umepata aibu. Nilikuwa nimeubeba wema ule tangu alfajiri, unanikera, nami sina hoja ya kuupinga.

Yeye hakuwa na muda na aibu. Alimwomba kijana radhi, "Samahani, mwanangu, nimekosa," akayarudisha matawi, akaongeza mengine mbali zaidi chini ya mteremko, akasimama kando akipungia magari kanzu ya ushenga mpaka springi ilipofungwa. Nilidhani ameacha. Baada ya Ilula akasimama tena, ila safari hii alitembea kwanza mpaka mbele ya kona, akachungulia, ndipo akarudi kuinama. Tukachelewa zaidi.

Hapo ndipo nisipoelewa mpaka leo. Mimi ningekosea mara moja vile, ningeapa kutogusa tena tawi la mtu. Yeye alichojifunza ni kuchungulia. Labda ndiyo tofauti yetu, au labda ana ukaidi tu ambao umepata kazi nzuri ya kufanya; nimewahi kumwona akiwanyima wanawe radhi ile ile aliyompa utingo.

Lugalo, walikopigwa Wajerumani na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891, alipunguza mwendo penye mnara, akanitazama. Nikatazama saa. Akakanyaga mafuta.

Wazee walitupokea kwa adabu na faini ya kuchelewa. Mwalimu akasimama kujitetea, akasimulia matawi yote, na kona, na kelele za utingo, wakacheka mpaka mmoja akatoa leso. Kisha wakaithibitisha faini ile ile. Nililipa mimi. Aliahidi kunirudishia nusu, na tunapokutana huwa naikumbusha.