Herufi za Malkia na Daftari la Bibi

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia mwaka 1837 hadi 1901. Athari za zama zake wengi huzitafuta katika reli, au katika shela jeupe la bibi harusi, vazi lililopata umaarufu baada ya yeye mwenyewe kuolewa na nguo nyeupe mwaka 1840. Mimi huziona karibu zaidi: ni herufi hizi unazozisoma sasa, ndugu msomaji.

Edward Steere, mzaliwa wa London, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kingine cha hadithi za Waswahili. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: irabu zisomwe kama za Kitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Ndiyo maana leo tunaandika ch, sh na j bila hata kujiuliza. Ramani za Wajerumani ziliandika Kilimandscharo na Bagamojo. Huenda nasi tungaliandika hivyo. Na Kiswahili kiliposanifiwa katika karne ya 20, lahaja iliyofanywa msingi ilikuwa Kiunguja, ile ile aliyoishughulikia Steere.

Lakini hakutukuta bila maandishi. Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa hati ya Kiarabu mwaka 1728. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilimfikia Mwingereza mwingine wa zama hizo, William Taylor, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, mtu ambaye wapenzi wa ushairi tunamtaja mara chache kuliko anavyostahili.

Haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Mwaka 1975 nilikuwa mvulana wa shule ya msingi huko Pangani, na kampeni ya kisomo ilikuwa imepamba moto. Tuliagizwa kuorodhesha watu wazima wa nyumbani wasiojua kusoma na kuandika. Nililiandika jina la bibi yangu, mzaa mama, juu kabisa ya orodha. Alikuwa ameketi mkekani, daftari lake la mashairi pajani, kalamu mkononi. Nikamweleza ninachofanya. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mjukuu wangu. Andika."

Hakuna aliyenidanganya. Niliiona kalamu kwa macho yangu, nikaona pia mistari ikitembea kutoka kulia kwenda kushoto, na bado moyoni nilikuwa na hakika kwamba kule si kuandika. Herufi za Steere sizilaumu. Zimenilisha na kunisomeshea watoto. Kinachonisumbua ni ile hakika.

Daftari lilinifikia baada ya mazishi yake, likakaa sandukuni miaka mingi. Nilipostaafu nililitoa, nikamwomba mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa madrasa, tulisome pamoja. Kazi si rahisi. Bibi aliandika kwa desturi ya wazee: b na p kwake ni herufi moja, nd ni d tupu, na kasra moja husimama mahali pa e na pa i. Katika jambo hili, lazima nikiri, Steere alitufaa sana, kwa kuwa irabu zake tano hazimchanganyi mtu.

Tumefika beti ya tisa, na hapo tumekwama. Bibi anasema kuhusu moyo wake neno linaloweza kusomwa "umependa" au "umepinda". Mizani ni ile ile, kina ni kile kile. Mwalimu wa madrasa anasema ni umependa, kwa sababu shairi limeanza na sifa za mtu aliyesafiri. Dada yangu, aliyemuuguza bibi hadi mwisho, anashikilia kuwa ni umepinda. Nimeiacha nafasi tupu katika nakala yangu, kwa penseli.