Faili la Mtu ni Amana

Dada zangu, nikisema nipo Moshi, watu wa nyumbani huniuliza habari za watalii na baridi. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya uangalizi wa wakosaji. Kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, badala ya kumfunga mtu kifungo kisichozidi miaka 3, mahakama inaweza kumwamuru afanye kazi za umma bila malipo, huku akilala kwake.

Kabla ya kuamua, hakimu husoma ripoti. Afisa hupanda Kibosho au Uru, akazungumza na familia, majirani na viongozi wa kijiji. Mimi huchapa. Mama aliyekamatwa na gongo ana mtoto anayenyonya. Ripoti ikichelewa, yeye analala mahabusu.

Kazi nyingine ni kuuzuia ulimi. Nikikutana naye soko la Mbuyuni, namsalimia kama jirani yeyote. Sisi tuliofunzwa sitara tangu utotoni twajua: aibu ya mtu ni amana. Usiifungue, hata kwa mumeo.