Ukuta, Upenu na Mlinzi

Kila kiumbe mwenye kitu cha thamani huwa na adui, na kila mwenye adui hutafuta kinga. Ndege hujenga kiota katika mti wa miiba. Mchwa huinua kichuguu kigumu. Na mwanadamu, aliyenyimwa pembe na kucha kali, alipewa akili ya kujenga ukuta. Walakini ukuta peke yake ni nusu ya kinga. Adui ajaye kwa miguu huzuiwa na ukuta, lakini adui ajuaye kupanda huugeuza ukuta ule ule kuwa ngazi yake. Nia yangu katika insha hii ni kusema juu ya adui huyu wa pili, na nitaanza mahali ambapo vijana wengi wa siku hizi hukutana naye kwa mara ya kwanza, yaani mchezoni.

Upo mchezo wa kompyuta na simu uitwao Minecraft. Ulibuniwa na Markus Persson, mtu wa Uswidi, ukaonyeshwa kwa watu mwaka 2009, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ilikubali kuinunua kampuni iliyoutengeneza kwa dola za Marekani bilioni 2.5. Dunia ya mchezo huo imefanywa kwa vipande vya pembe nne, mfano wa matofali: udongo ni matofali, mawe ni matofali, hata maji na majani ya miti. Mchezaji huchimba, hukata na kujenga apendavyo. Siku nzima, mchana na usiku wake, hupita kwa dakika 20 tu. Jua likichwa, mazimwi huzuka gizani. Maiti watembeao na mifupa yenye pinde huzuiwa na ukuta wa kimo cha kadiri, na kukipambazuka huungua kwa mwanga wa jua. Buibui wa mchezo huo ni jambo jingine. Yeye ni mkubwa kama ndama, hupanda ukuta wa mawe, wa mbao, hata wa kioo, na jua halimwunguzi.

Mpwa wangu yumo kidato cha pili, na wakati wa likizo huja kukaa kwetu hapa Olenguruone, ambako baridi ya msitu wa Mau huwakusanya watu karibu na moto mapema jioni. Nilimtazama akicheza kwa muda wa siku kadhaa. Usiku wa kwanza alijenga ukuta wa matofali manne kwenda juu. Buibui akaupanda, akamwua. Usiku wa pili aliongeza kimo cha ukuta mara mbili; buibui akachelewa kidogo, kisha akafika vile vile. Usiku wa tatu hakuongeza kimo. Alipanga safu moja ya matofali kileleni, ikatokeza nje ya ukuta kama upenu wa nyumba. Buibui akapanda mpaka chini ya upenu ule, akakwama, akaanguka, akapanda tena, akaanguka tena.

Nikamwuliza, "Nani aliyekufundisha hivyo?"

Akajibu, "Hakuna, mjomba. Niliona kwamba anajua kupanda, lakini hajui kutembea kichwa chini."

Jibu hilo ni fupi, lakini lina elimu ndani yake. Kijana huyu aliacha kushindana na nguvu za adui akaanza kutafuta udhaifu wake. Mwenye kuongeza kimo cha ukuta mbele ya mpandaji humwongezea safari tu. Mwenye kuweka upenu huikata njia yenyewe.

Sasa, msomaji, toka mchezoni uje nami uani. Nyuma ya nyumba zetu nyingi katika nyanda hizi za juu kuna ghala la mahindi. Limejengwa kwa mbao zilizoachiana nafasi ili upepo upite na kukausha mahindi, nalo limeinuliwa juu ya nguzo. Wageni hudhani kwamba nguzo zile ni za kuepusha unyevu wa ardhi. Ni kweli, lakini zina kazi nyingine. Adui wa ghala ni panya, na panya ndiye buibui wetu. Hupanda nguzo ya mti kwa wepesi, na usiku mmoja hula kidogo lakini huharibu kingi, kwa kuwa mkojo na kinyesi chake huchafua zaidi ya kile alichokila. Kwa hiyo mjenzi mwenye maarifa huizungushia kila nguzo bati lililokunjwa mfano wa faneli, mdomo wake mpana ukielekea chini. Panya hupanda mpaka ndani ya faneli ile, hukuta bati limemfunika, naye hana la kufanya ila kurudi. Huu ndio upenu wa mpwa wangu, nao ulikuwako kabla ya kompyuta.

Lakini bati lina masharti yake. La kwanza, lisiwekwe chini mno, kwa sababu panya huruka. Wajenzi huliweka karibu mita moja kutoka ardhini. La pili, ghala liwe mbali na miti na kuta, kwa maana mwenye kuzuiwa nguzoni huja kwa tawi. La tatu ndilo linalosahauliwa sana: usiegemeze kitu ghalani. Jembe moja lililoegemezwa jioni na mtu aliyechoka linatosha kuzifanya faneli zote kuwa pambo. Adui haingii kupitia mahali tulipopalinda; huingia kupitia mahali tulipopasahau.

Liko pia jambo la giza. Katika mchezo ule mazimwi mengi huzuka pasipo mwanga, na mchezaji mwerevu hutia mienge ndani na nje ya ngome yake, ili adui asipate hata pa kuzaliwa. Uani petu mwenge ni usafi. Majani marefu chini ya ghala, magunia makuukuu na magunzi yaliyolundikwa pembeni ni giza la mchana, ambamo panya huzaa na kulea. Mwenye kufyeka majani amekwisha kupigana nusu ya vita kabla ya adui kuzaliwa.

Kwa jamaa inayotegemea mahindi yake yenyewe, haya si mambo ya mchezo. Mahindi ya nchi ya baridi hukaa shambani miezi mingi, na mavuno ya mara moja hutazamiwa kulisha nyumba mpaka mavuno mengine. Debe moja lililoliwa na panya mwezi wa Januari halionekani. Huonekana mwezi wa Julai, chungu kikiwa mekoni na mama hana cha kutia. Mchezoni, mchezaji akifa huamka tena na kuanza upya, isipokuwa katika namna moja ngumu ambayo wachache huichagua. Ghalani hakuna kuamka tena. Kilicholiwa kimeliwa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ukuta na upenu vikiwa sawa, basi kazi imekwisha. Tazama historia ya pwani yetu. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, nayo ni imara hata leo. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira. Mazingira yale yalidumu karibu miaka mitatu. Katika muda huo njaa na maradhi viliwaangusha waliokuwa ndani, mmoja baada ya mmoja, na mwezi wa Desemba 1698 Waomani wakaitwaa. Kuta hazikuwa zimeanguka. Walinzi ndio waliokwisha. Ukuta usio na mtu nyuma yake ni rundo la mawe yaliyopangwa vizuri.

Na hapa ndipo ninapolazimika kusema habari ya kwetu. Jina la Olenguruone limeandikwa mara nyingi katika historia ya Kenya, na mara nyingi kwa machozi. Mnamo mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaweka hapa Wakikuyu waliokuwa wamekosa ardhi. Kisha ikagombana nao juu ya masharti ya kukaa, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa imewafukuza, wengine wakapelekwa Yatta. Mwaka 1992 majirani walipigana katika sehemu hizi za Molo na Olenguruone, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukawaka tena. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi kama wewe unayesoma kurasa hizi. Ua wetu ulikuwa na miiba mizuri, mlango wetu ulikuwa na komeo la chuma, na ghala letu lilikuwa na faneli katika kila nguzo. Hayo yote hayakutufaa kitu siku tuliyoondoka usiku na blanketi tatu.

Kilichotufaa ni kitu ambacho baba hakukinunua dukani. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mama mmoja ambaye lugha yake si lugha yetu, aliyahamisha mahindi yetu kwa punda siku mbili baada ya sisi kuondoka, akayatia katika ghala lake mwenyewe. Tuliporudi mwezi wa Mei, alimwita mama yangu akamwambia, "Dada, njoo uhesabu magunia yako." Yalikuwa 9, na 9 ndiyo tuliyoyaacha. Mama hakuhesabu. Alikaa chini akalia, na yule mama akakaa karibu naye, na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Mwaka ule tulikula, na mimi nikarudi shule.

Tangu hapo nimejua tofauti kubwa iliyopo kati ya mazimwi ya mchezoni na hatari za duniani. Zimwi halina jina, halina mama, wala halikumbuki wema. Mtu hulijengea ukuta na dhamiri yake haimsuti. Jirani siye zimwi. Anayemfundisha kijana kumwona jirani yake kuwa zimwi amempa kisingizio cha kujenga ukuta mahali palipohitaji daraja. Panya humzuia kwa bati. Mtu humzuia kwa haki, kwa salamu ya kila asubuhi, na kwa kumkopesha jembe kabla hajalihitaji sana.

Wako wazazi wanaosema kwamba mchezo huu ni wa kupoteza wakati. Hapana shaka mchezo wowote unaokula usiku wa mwanafunzi ni panya wa namna nyingine. Lakini mchezo huo huo umetumiwa pia kwa kazi ya maana. Kuanzia mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, liliutumia pamoja na watengenezaji wake kuwawezesha wananchi wa kawaida kuonyesha jinsi wanavyotaka viwanja vyao vya wazi vijengwe, na kiwanja kimoja cha michezo huko Kibera kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Watu wasiojua kuchora ramani walipanga matofali ya mchezo, wakaonyesha hapa mahali pa kupita, pale mahali pa kukaa. Walipokuwa wakijenga walikuwa pamoja, na kila mmoja aliona anachokihitaji mwenzake.

Basi, kijana, cheza kwa kiasi, na unapocheza, fikiri. Ukimwona adui anapanda, usikimbilie kuongeza kimo cha ukuta. Keti umtazame mpaka ujue asichokiweza. Ukishaweka upenu, zunguka uone kama hukuacha jembe limeegemea. Tia mwanga mahali penye giza. Kisha, kabla ya kulala, jiulize ni nani aliye ng'ambo ya kijito, na lini ulimjulia hali kwa mara ya mwisho.