Saa ya Safari

Kila safari ina mambo mawili ambayo msafiri hawezi kuyakwepa: mahali aendapo na saa aondokayo. La kwanza hufikiriwa sana na kila mtu. La pili hufikiriwa kidogo, kana kwamba saa zote za siku ni sawa, na kana kwamba watu wote wasafirio pamoja ni mtu mmoja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wadhanio hivyo, hata jioni ile niliyoketi kuchagua ndege ya kuipeleka jamaa yangu Mombasa kwa likizo. Kosa nililokaribia kulifanya lilikuwa dogo katika hesabu ya fedha, lakini lingalikuwa kubwa katika hesabu ya moyo. Naona si vibaya kulieleza kwa vijana ambao kesho watachagua safari zao, na za wazee wao.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilimwahidi mama yangu kwamba mshahara wangu ukitulia nitampandisha ndege. Ahadi ni deni, na deni hilo nilikaa nalo miaka 12. Palikuwa na karo za wadogo zangu, kisha kodi ya nyumba, kisha harusi, kisha watoto. Mama hakunikumbusha hata mara moja, na kunyamaza kwake kulinikumbusha zaidi kuliko maneno.

Kwetu ni Makueni, si mbali na Emali. Marehemu baba alikuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Kilindini kwa miaka 22. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na alipokuwa akirudi kazini alipanda treni ya zamani pale Emali usiku, akaamkia Mombasa. Mama hakupata kufika huko. Palikuwa na mbuzi, shamba na sisi watoto, na nauli ya mtu mmoja ilikuwa nzito, sembuse ya wawili. Baba alipofariki, mji uliochukua nusu ya maisha yake ulibaki kwa mama kuwa jina tu.

Mwaka 2022 mama alikuwa akikaa nasi karibu na Nairobi ili atibiwe magoti. Likizo ya Desemba ilikuwa inakaribia, dada yangu aishiye Kisauni alikuwa na chumba cha kutulaza, na mke wangu nami tulikuwa tumeweka akiba. Tulipatana twende kwa ndege, na turudi kwa treni mpya iliyoanza kazi mwaka 2017, ili mama ashukie Emali, karibu na kwake. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, mama, mwanangu Mutua mwenye miaka 9, na binti yetu ambaye hakuwa amefikia miaka miwili. Mtoto wa umri huo hana kiti. Hupakatwa, na malipo yake ni madogo. Basi nilitakiwa kununua viti vinne.

Kati ya Nairobi na Mombasa hapakosi ndege. Katika siku za babu zetu mambo hayakuwa hivyo. Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946, likavunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo ikazaliwa Kenya Airways. Mwaka 2014 ikaanza safari zake Jambojet, kampuni tanzu yake ya nauli nafuu, na kampuni nyingine pia zimeingia angani. Wingi huu ni neema, lakini ni mtihani pia, maana mwenye njia moja hana la kufikiri, na mwenye njia nyingi hana budi kupima.

Niliandika bei kwenye karatasi kama nifanyavyo mbele ya wanafunzi wangu. Ndege iliyokuwa rahisi kuliko zote ilitaka shilingi 5,500 kwa kila kiti, nayo iliondoka saa 20:40. Hapa nawaonya vijana: saa za tikiti huhesabiwa tangu usiku wa manane, wala si tangu macheo kama tuhesabuvyo sisi kwa Kiswahili. Saa 20:40 ya tikiti ni saa mbili na dakika arobaini usiku. Asiyelijua hilo huweza kufika kiwanjani na mizigo yake wakati ambao ndege imekwisha tua aendako.

Ndege ya pili iliondoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwa shilingi 7,900. Nilizidisha bei zote mbili kwa nne. Ya usiku ilikuwa shilingi 22,000, na ya asubuhi shilingi 31,600. Tofauti yake ilikuwa shilingi 9,600. Mwalimu mwenye watoto wawili haoni tofauti ya namna hiyo akapepesa macho tu. Nilishika simu yangu tayari kulipia safari ya usiku.

Mke wangu alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akaniuliza kwa upole, "Baba Mutua, umemwuliza mama?"

"Nimwulize nini?" nilijibu. "Mombasa ni ile ile, iwe usiku au mchana."

"Ndiye mwenye safari," akasema, wala hakuongeza neno.

Nilimwendea mama, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akichagua ndengu. Nikamweleza kwamba nimepata ndege nzuri ya usiku, yenye nafuu kubwa. Alikaa kimya kidogo, vidole vyake vikiendelea na kazi.

"Mwanangu," akasema, "baba yako alipita njia hiyo miaka yote usiku. Nilipomwuliza huko njiani pakoje, alinijibu kwamba hakuona kitu, kulikuwa giza naye alikuwa amelala. Nami nikipita usiku, ni nani atakayeniambia?" Kisha, alipouona uso wangu, akaharakisha kusema, "Lakini kama fedha hazitoshi, hata usiku nitakwenda. Ndege ni ndege."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniumiza. Nilirudi kwenye karatasi yangu nikiwa na haya, nikaanza hesabu upya. Na safari hii nilihesabu gharama, si bei. Tikiti ya usiku haikuwa na ruhusa ya sanduku kubwa, bali mzigo mdogo wa mkononi tu. Masanduku yetu mawili yangelipiwa shilingi 3,000 zaidi, hali tikiti ya asubuhi iliyachukua bila malipo. Mchana shemeji yangu angetupokea kwa gari la rafiki yake, lakini usiku alikuwa zamu kazini, nasi tungekodi gari kwa shilingi 2,500. Chakula cha jioni kiwanjani, ambako hata chai ina bei ya kiungwana, kingetumeza shilingi 1,600. Nilijumlisha, nikapata shilingi 7,100. Zile shilingi 9,600 nilizodhani nitaziokoa zilikuwa zimebaki 2,500. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Nami nimelifundisha neno hilo darasani mara nyingi bila kulishika mwenyewe.

Ziko sababu nyingine ambazo karatasi haikuzionyesha. Ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku, ikienda na kurudi. Ikichelewa nusu saa asubuhi, uchelewaji huo huhamia safari ifuatayo na kuongezeka, na msafiri wa usiku ndiye hulipa makosa ya siku nzima. Ndege ya asubuhi aghalabu imelala kiwanjani, ikiwangoja abiria wake. Tena jua likipanda huchoma ardhi, hewa ya moto huinuka, na ndege ipitayo katika hewa hiyo hutikisika. Asubuhi hewa huwa imetulia. Jambo hili si dogo kwa mzee apandaye mara ya kwanza.

Hata hivyo asubuhi nayo ina taabu zake, na si haki kuzificha. Katika baridi ya Julai na Agosti mawingu mazito na ukungu huweza kuifunika Nairobi alfajiri, na ndege zikazuiliwa. Pia msafiri hana budi kuamka usiku na kutafuta usafiri wa kumfikisha kiwanjani. Kwetu ilikuwa Desemba, na jirani yetu afanyaye kazi Embakasi alikubali kutubeba alfajiri. Kama tusingekuwa na jirani huyo, huenda hesabu ingegeuka. Kwa sababu hiyo sisemi kwamba asubuhi ni bora kwa watu wote. Nasema kila mtu apime kwa mizani yake.

Niliangalia tena jina la kiwanja kabla ya kulipa. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria: kile kikubwa cha Jomo Kenyatta kilichoko Embakasi, na kile cha Wilson, chenye jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege mjini humo mwaka 1929. Kutoka kimoja kwenda kingine ni mwendo wa kukata mji, na msongamano wa magari haumhurumii aliyekosea. Nililinganisha majina yetu na vitambulisho, herufi kwa herufi, nikatafuta na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndipo nikalipa shilingi 31,600, pamoja na zile chache za binti yetu.

Siku ya safari tulifika kiwanjani kabla ya mapambazuko. Mama alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa na viatu vyake vya kanisani. Nilimwomba karani atupe dirisha la upande wa kulia, kwa kuwa ndege iendayo Mombasa huwa na mlima Kilimanjaro upande huo. Mlima huo uko Tanzania, na una kimo cha mita 5,895. Asubuhi kilele chake mara nyingi huwa wazi, lakini mchana hujivika mawingu.

Ndege ilipoondoka ardhini mama alinishika mkono kwa nguvu, kisha akauachia mwenyewe. Mlima ulitokea, mweupe kileleni, ukielea juu ya ukungu wa mbali. Mutua alipiga kelele za furaha, na abiria wengine wakageuka. Mama aliutazama kwa adabu, kama mtu anayeamkiwa na mkubwa asiyemjua, kisha akayashusha macho yake. Alikuwa akitafuta kitu kingine.

Chini nchi ilikuwa kavu. Mwaka ule mvua zilikuwa zimetukatalia, na mito ya Ukambani ilionekana kama njia za mchanga. Katikati ya ukavu huo ilipita barabara ya Mombasa, na kando yake mistari ya reli, ikienda pamoja nayo kama ndugu. Mama aliweka kidole kwenye kioo akaifuata. Aliniuliza Emali ni ipi. Nilimwonyesha mahali nilipodhani ndipo, ingawa kwa kweli sikuwa na hakika. Hakuuliza nyumba yetu. Aliendelea kuifuata reli, na kidole chake kikasogea polepole juu ya kioo, hata mbele ambako nchi ilikuwa pori tupu bila bati wala shamba.

"Ni mbali," akasema mwishowe. "Nilidhani alikuwa akikawia kwa kupenda."

Sikuwa na jibu, wala yeye hakulitaka. Safari nzima ilikuwa kama saa moja tu. Tulipoanza kushuka, mke wangu alimpa mtoto ziwa ili ameze na masikio yasimwume, nami nikamwambia mama ameze mate. Punde bahari ikatokea, na mama akaiona kabla yangu.

Ndugu wasomaji, siku hizi ni rahisi kununua tikiti. Mtu hubonyeza simu yake, na orodha hupangwa mbele yake kuanzia bei ya chini hadi ya juu. Mpango huo wa orodha ndio mtego, kwa maana hutufundisha kuuliza swali la fedha kwanza, na mara nyingi hatufiki kwenye swali la pili. Fedha hazina budi kuulizwa; mimi si tajiri, wala siwafundishi ubadhirifu. Lakini kabla ya kuuliza ni bei gani, ulizeni ni nani asafiriye. Je, yuko mzee? Yuko mtoto? Tutakapofika, nani atatupokea, na saa hiyo atakuwa wapi? Na yule ambaye safari ni yake anataka kuona nini? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumchagulia mtu saa yake bila kumwuliza, kisha kungoja shukrani.

Zile shilingi 2,500 zilizobaki katika hesabu yangu sikumbuki kama zingalinunua nini. Pengine unga na mafuta ya wiki mbili. Lakini najua zilichonunua. Juma moja baadaye, treni iliposimama Emali na mama akashuka, majirani waliokuja kumlaki walimwuliza habari za huko alikotoka. Mimi nilikuwa bado dirishani. Hakuanza kwa bahari, wala kwa ndege, wala kwa mlima. Aliinua mkono wake, akauelekeza kule reli inakoendea, akaanza kuwaeleza njia.