Uchafu Uliogeuka Fundi

Zamani maabarani kwetu, aliyetaka kutengeneza chembe za dhahabu alianza kwa kuosha. Chupa zilisafishwa kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya nitriki, ule unaofuka moshi wa kukereketa koo, kisha zikasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Alama ya kidole tu ilitosha kuharibu kazi. Protini ilihesabiwa uchafu.

Hapo ndipo tulipochemsha, kwa njia ya Turkevich ya mwaka 1951. Chumvi ya dhahabu ikitokota, sitreti ilimiminwa kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo hakuna aliyebandua macho. Umanjano ulififia hadi maji yakawa hayana rangi, ukaingia weusi wa wino, ukafuata uzambarau, mwisho wekundu wa damu ya mzee. Mtu aliyezoea aliutazama weusi ule na kujua kama moto umepungua.

Siku hizi uchafu ule ndio fundi. Mwaka 1991, Stephen Mann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliichukua feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, wakaugeuza uwazi wake wa ndani kuwa kalibu. Uwazi huo una upana wa nanomita 8 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Madini yakijiunda humo, kuta za protini huyazuia yasizidi kukua.

Mwaka 2009 ikaja zamu ya dhahabu. Jackie Ying na wenzake, huko Singapore, walitumia albumini ya damu ya ng'ombe. Protini huzishika ioni za dhahabu. Ukitia sodiamu haidroksaidi, tirosini zilizomo huzipa elektroni, na vinaundwa vifungu vya atomu 25 hivi. Joto ni nyuzi 37 tu, la mwili wa binadamu. Baada ya saa 12 hupatikana maji ya kahawia, yasiyovutia hata kidogo, mpaka uyamulike kwa taa ya urujuanimno yawake mekundu.

Sidai turudie moshi ule. Kifua changu kinajua faida ya protini. Ila mchanganyiko huachwa ukorogwe usiku kucha, na asubuhi mwanafunzi ananiletea grafu safi ya mashine. Nikimuuliza rangi ilianza kugeuka saa ngapi, anajibu kwa adabu: "Sikuwepo, mwalimu."