Kichuma cha Katikati

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mpiga picha wa harusi mjini Kampala hakuwa na nafasi ya kuchagua flashi. Ulirithi ya mkubwa wako wa kazi, ukaazima ya jirani, au ukamsubiri mfanyabiashara arudi kutoka Dubai na mzigo wake, ukachukua kilichokuwamo. Niliyoikuta mimi studioni Wandegeya ilikuwa Vivitar 283, nyeusi, nzito, inayokula betri nne, imeshapita mikono mingi kabla ya yangu.

Sifa yake kubwa ni kwamba ilikubali karibu kamera yoyote. Pentax, Nikon, Yashica, Zenit: juu ya kila moja kulikuwa na kitako kilekile, na katikati ya kitako hicho kichuma kimoja kidogo cha mviringo. Shata ikifunguka, kichuma kinaungana na reli ya pembeni, flashi inawaka. Basi. Vifaa hivyo viwili havikuwa na mazungumzo mengine yoyote. Hesabu ilibaki kichwani mwako: nguvu ya 283 kwa filamu ya ISO 100 ni 36 kwa mita, maharusi wako mita nne na nusu mbele yako, unagawa, unafungua lenzi kwa f/8. Hadi leo nikiingia ukumbini macho yangu hupima mita kabla sijasalimia watu.

Shida ilikuwa mwanga wenyewe. Harusi ikiwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, dari iko mbali mno, hata ukielekeza kichwa cha flashi juu hakirudi kitu. Kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, wageni wanakaa ndani ya mahema yaliyopambwa kwa vitambaa, na mwanga ukigonga kitambaa chekundu unarudi mwekundu hadi kwenye meno ya bibi harusi. Kwa hiyo ulipiga moja kwa moja usoni. Ukitumia kile kijicho cha 283 kinachopima mwanga chenyewe, kiliona safu ya kanzu nyeupe za wazee, kikadhani mwanga umetosha, kikakata mapema, na nyuso za wenye kanzu zikatoka nyeusi tii bila macho. Albamu nyingi za miaka ile ziko hivyo: paji la uso linang'aa, nyuma ni giza, na mashangazi waliokaa mstari wa pili hawapo kabisa. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, maana kwa baadhi ya mashangazi hao picha ile ndiyo ya mwisho kupigwa.

Kamera za dijitali zilipoanza kufika mikononi mwetu, Canon 300D ya mwaka 2003 na Nikon D70 ya mwaka uliofuata, tuliona njia imefunguka. Gharama ya filamu iliondoka. Halafu mwenzetu mmoja akaweka flashi yake ya zamani juu ya kamera mpya ya dijitali, akapiga harusi mbili tatu, na kamera ikaacha kuwasha flashi yoyote.

Fundi aliyepelekewa, mzee mmoja mwenye meza yake ghorofani karibu na Luwum Street, hakuifungua kamera kwanza. Aliomba flashi. Akaiwasha, akangoja taa ndogo ya nyuma iwake, kisha akagusisha waya mmoja wa mita ya umeme kwenye kichuma cha katikati cha flashi na mwingine kwenye chuma cha pembeni. Namba zikapanda: 90, 150, zikapita 200. "Muone," akasema, "hizi ndizo volti alizokuwa anailisha kamera yake." Zile Vivitar 283 za mwanzo, zilizotengenezwa Japani, zilikuwa na volti zaidi ya 200 kwenye mguso ule. Za baadaye zilishuka hadi kumi au chini ya hapo, ingawa kwa nje ni flashi ileile. Kamera za filamu zilizokuwa na swichi ya chuma hazikujali. Ndani ya kamera ya dijitali swichi ni ya kielektroniki, na volti nyingi huiunguza. Canon kwa baadhi ya kamera zake za mwanzo walitaja kikomo cha volti 6 tu, wakati Nikon walikubali hadi 250. Tangu siku ile kila flashi kuukuu iliyoletwa studioni ilipita kwanza kwenye mita, na nyingi zilirudi kwa wenyewe.

Flashi mpya nazo zilikuwa na kikwazo chake. Kamera za filamu zenye TTL, yaani upimaji kupitia lenzi, zilipima mwanga wa flashi ulioruka kutoka kwenye filamu yenyewe. Kioo cha kihisi cha dijitali hakirudishi mwanga kama filamu, hivyo watengenezaji wakaelekea kwenye mmweko mdogo wa kupimia unaotangulia ule mkubwa, na kila kampuni ikatunga lugha yake: Canon E-TTL, Nikon i-TTL. Vichuma viliongezeka kuzunguka kile cha katikati, kila kampuni na mpangilio wake. SB-28, iliyokuwa flashi ya kifahari ya Nikon, haikuweza kufanya TTL na D70. Flashi kubwa ya Canon iliuzwa zaidi ya dola 400 nje, kabla hujafikiria usafiri na ushuru. Na miaka ile ya 2005 na 2006 ndiyo maji ya Ziwa Victoria yalishuka, umeme ukawa wa mgao, mitaa ikakaa giza siku nzima. Tulichaji betri kwa zamu, kwenye jenereta ya jirani mwenye saluni.

Kilichotuokoa kilitoka Shenzhen. Yongnuo YN-560 ilitoka mwaka 2010, na kwa dola kama 70 ulipata flashi yenye nguvu ya kutosha, kichwa kinachogeuka pande zote, na nguvu unayoipunguza mwenyewe hadi sehemu moja ya 128. Haikujua lugha ya Canon wala ya Nikon. Ilitegemea kichuma cha katikati peke yake, kwa volti salama, ndiyo maana mwenye Canon aliweza kumwazima mwenye Nikon. Wengi waliidharau kwa kukosa TTL. Kwangu, na kwa kila aliyekuwa amezoea kugawa 36 kwa mita, haikupungukiwa na chochote.

Tena kwa bei ile ulinunua ya pili. Hapo ndipo picha zetu zilipobadilika. Flashi moja juu ya stendi nyuma ya bibi harusi, chini ya hema, imeshushwa nguvu, inachora ukingo wa mwanga kwenye kilemba na mabega ya gauni lake la gomesi. Nyingine pembeni inawafikia mashangazi wa mstari wa pili. Triga za redio za kuziwasha kwa mbali nazo zilikuwa bei nafuu, na mwaka 2013 YN-560 III ikaja na kipokezi ndani. Baadaye Godox wakaendeleza palepale: TT600 kwa wenye mfuko mdogo, na V860II yenye betri ya lithiamu inayomaliza sherehe nzima. Ngozi nyeusi ikaanza kuonekana jinsi ilivyo, yenye rangi nyingi ndani yake. Naamini flashi hizo za bei nafuu zimeifanyia kazi yetu makubwa kuliko kamera yoyote mpya.

Kwa hiyo nilikasirika kweli binti mmoja anayeanza kazi aliponiletea Canon 2000D yake. "Mzee, flashi nimejaribu tatu, zote za watu, hakuna inayowaka." Niliigeuza kamera kwenye mwanga wa dirisha. Vichuma vya lugha ya Canon vilikuwapo vyote. Cha katikati hakikuwapo. Canon walikiondoa kwenye kamera zao za bei ya chini, 2000D na 4000D za mwaka 2018, kisha 250D. Mwenye kamera ya bei kubwa bado anatumia flashi yoyote. Anayeanza na pesa ya mkopo ndiye aliyefungiwa mlango.

Nilimwambia asinunue YN-560 wala TT600, hata akipewa kwa nusu bei. Atafute yenye E-TTL ya Canon, na asitoe pesa kabla ya kuiweka juu ya kamera yake mwenyewe. Tulizunguka madukani na kamera shingoni mwake. Moja iliwaka lakini picha ikatoka nyeusi, tukaiacha. Ya pili, Godox iliyotumika, aliijaribu kwa TTL, kisha kwa nguvu kamili, kisha akaishusha na kumpiga muuza duka aliyesimama mbele ya ukuta mweupe na shati jeupe. Alikuza picha kwenye kioo, akaangalia macho ya yule kijana, akaanza kuuliza bei ya mwisho.